Kuchagua Kadi ya Kumbukumbu kwa Kamera ya Chama

Kamera ya dijitali haina filamu. Picha zote inazopiga huandikwa katika kadi ndogo iliyopachikwa ubavuni au chini yake, na kazi yote hutegemea kadi hiyo. Kamera ikivunjika na kadi ikawa nzima, picha zipo. Kadi ikiharibika, uzima wa kamera haurudishi hata picha moja. Hata hivyo kamati ya chama huweza kujadili ununuzi wa kamera vikao viwili au vitatu, kisha kadi ikaachiwa mtu yeyote anayekwenda mjini.

Chama cha ushirika kina sababu ya kuwa mwangalifu kuliko mpiga picha wa arusi, kwa kuwa picha za chama ni ushahidi. Gunia lililofika ghalani limelowa, mshale wa mizani wakati wa kupima, hali ya paa kabla fundi hajalipwa: mambo haya huweza kuulizwa na mkaguzi wa hesabu, au na mwanachama mwenye malalamiko, mwaka mzima baadaye. Picha ya mizani ikipotea, mkulima aweza kukosa fedha zake.

Aina ya kadi iliyoenea zaidi ni ile iitwayo SD, iliyoanzishwa mwaka 1999 na makampuni matatu, yaani SanDisk ya Marekani pamoja na Matsushita na Toshiba za Japani. Ina urefu wa milimita 32 na upana wa milimita 24. Baadaye zilifuata kadi zenye umbo lile lile lakini zenye nafasi kubwa zaidi. SD ya asili hufika gigabaiti 2. SDHC, ya mwaka 2006, hufika gigabaiti 32. SDXC, iliyotangazwa mwaka 2009, hufika terabaiti 2, ambazo ni gigabaiti 2,000 hivi. Kamera mpya husoma kadi za zamani, lakini kamera ya zamani haisomi kadi za baadaye, ingawa zote huingia katika tundu moja bila shida. Ndiyo maana katibu hana budi kusoma kijitabu cha kamera, au alama iliyo karibu na tundu la kadi, kabla ya kutoa fedha. Chama chenye kamera ya SDHC kikinunua kadi ya gigabaiti 64, huenda kikawa kimenunua kitu kisichokifaa.

Kuhusu ukubwa, hesabu ni rahisi. Picha moja ya kamera ya megapikseli 20 huchukua megabaiti 8 au karibu na hapo, hivyo kadi ya gigabaiti 32 hubeba picha 4,000 hivi. Hizo zatosha msimu mzima wa mavuno katika vyama vingi. Afadhali kununua kadi mbili za gigabaiti 32 kuliko moja ya 64; moja ikiharibika, chama hakitakuwa kimepoteza kila kitu. Kompyuta ikionyesha kwamba kadi ya gigabaiti 32 ina 29.8 tu, mwenye duka asishtakiwe kwa wizi. Mtengenezaji huhesabu kwa elfu elfu, na kompyuta huhesabu kwa 1,024.

Kasi ya kuandika huonyeshwa kwa tarakimu iliyomo ndani ya herufi C: 2, 4, 6 au 10. Maana yake ni megabaiti ambazo kadi huandika kila sekunde, kwa uchache. Alama ya U yenye 1 ndani yake ni megabaiti 10, na yenye 3 ni megabaiti 30. Ile namba kubwa inayong'aa usoni mwa kadi, 100 au zaidi, kwa kawaida ni kasi ya kusoma, nayo imewekwa hapo ili kuvutia wanunuzi. Kwa picha za kawaida na filamu fupi za mkutano mkuu, kadi yenye alama ya 10 yatosha.

Hatari kubwa kupita zote ni kadi za bandia. Ndani ya kadi ya namna hiyo mna nafasi ya gigabaiti 8, tuseme, lakini kadi yenyewe imefundishwa kuiambia kamera kwamba ina 64. Picha za mwanzo hukaa salama, na mnunuzi huridhika. Nafasi ya kweli ikishajaa, picha mpya huandikwa juu ya zile za zamani, au haziandikwi popote. Kamera haitoi onyo lolote. Orodha ya majina ya picha huendelea kurefuka kama kawaida. Udanganyifu hugunduliwa siku picha zinapohitajiwa, nazo zikifunguliwa ni kiza kitupu.

Dawa yake ni kuijaribu kadi kabla ya kuitumia. Programu iitwayo H2testw, kwa kompyuta za Windows, huijaza kadi yote na kuisoma tena. Asiye na programu hiyo anakili mafaili mbalimbali hadi kadi ijae, aichomoe, airudishe, kisha afungue mafaili ya mwanzo, ya katikati na ya mwisho. Kazi hii huchukua saa kadhaa. Kwa sababu hiyo yafaa kununua kwa mfanyabiashara atoaye stakabadhi, na kukubaliana naye mapema kwamba kadi isiyotimiza kipimo itarudishwa.

Kadi iliyokubaliwa ifomatiwe ndani ya kamera yenyewe, wala isichomolewe wakati taa ya kuandika inawaka. Kitufe kidogo kilicho ubavuni mwake, kikishushwa, huzuia picha kufutwa kwa bahati mbaya. Picha zinakiliwe kwenye kompyuta siku ile ile, na nakala ya pili iwekwe mahali pengine. Ikitokea kwamba picha zimefutwa kwa makosa, kadi itolewe katika kamera mara moja na isitumiwe tena, kwa maana mara nyingi picha iliyofutwa huwa ingalimo hadi nyingine iandikwe juu yake, na fundi wa kompyuta aweza kuirudisha.