Kuvu Anayestahimili Joto la Damu

Wanangu, mnaujua msitu wa Kaptagat ulivyo mvua ikishanyesha: magogo yameota uyoga, majani yanaoza polepole, hewa inanukia udongo. Huku juu, kwenye mita 2,400 hivi kutoka usawa wa bahari, kuvu ndio wanaouzuia msitu usifukiwe na miti yake iliyokufa. Nawapenda kwa kazi hiyo. Lakini leo nawasimulia habari za mmoja wao anayeweza kuua mtu.

Jina lake kriptokokasi. Ni chembe moja tu, huchipua watoto ubavuni mwake kama hamira, na makao yake katika nchi nyingi ni kinyesi cha njiwa na mashimo ya miti. Vumbi lake likipeperuka, watu hulivuta mapafuni bila kujua, na wengi hawaugui kamwe.

Kinachomkabili kwanza ndani yetu ni joto. Mwili una nyuzijoto 37, na kuvu wengi hapo hawawezi kuishi. Wataalamu wamekadiria kwamba kati ya nyuzi 30 na 40, kila nyuzi moja inayoongezeka huwafungia nje asilimia 6 hivi ya aina za kuvu. Kriptokokasi ana protini iitwayo kalsinurini, inayomwezesha kujirekebisha joto linapopanda. Mwaka 1997 watafiti walionyesha kwamba akinyang'anywa protini hiyo, kwenye nyuzi 24 hukua vizuri, kwenye nyuzi 37 hushindwa.

Akishavumilia joto, hukutana na walinzi: chembe nyeupe za damu, ambazo humeza mgeni na kummwagia kemikali kali. Sasa tazameni anavyofanya. Hewa ya nje ina kaboni dioksidi kidogo mno, mwilini imejaa tele. Akiigundua tofauti hiyo, hunenepesha ganda laini la sukari linalomzunguka, asimezwe kirahisi. Chini ya ganda hujipaka melanini, rangi ya jamii ileile inayotia weusi ngozi zetu, nayo huzima zile kemikali. Wengine huvimba: chembe ya kawaida ina upana wa maikromita 5 hadi 7, lakini majitu haya huweza kufika hata 100. Mlinzi atalimezaje dude linalomzidi yeye mwenyewe? Na wapo wanaomezwa kweli, wakaishi na kuzaana humohumo ndani ya mlinzi.

Mbinu hizi alizipata wapi? Wanasayansi wengi wanaamini si kwetu. Udongoni kuna amiba wanaowinda kuvu na kuwameza, vilevile zifanyavyo chembe nyeupe. Aliyenusurika kwa amiba ndiye aliyeacha uzao. Melanini nayo humkinga na miale ya jua. Mwili wetu kwake ni pori jingine tu alilotumbukia, na jambo hilo hunishangaza kila nikilifikiria.

Kinga ikiwa imara, safari yake kwa kawaida huishia mapafuni. Ikidhoofika, hasa kwa mwenye Virusi vya Ukimwi ambaye hajapata dawa, hupenya hadi ubongoni. Kichwa huuma siku nenda siku rudi, shingo hukakamaa, macho hufifia. Mgonjwa wa namna hii huku kwetu hupelekwa Eldoret, Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi. Maabara huweza kuchanganya tone la maji ya uti wa mgongo na wino mweusi, kisha kuliangalia kwa hadubini. Wino hutanda kila mahali isipokuwa penye ganda: unaona giza tupu, na ndani yake viduara vyeupe, kila kimoja na kuvu wake katikati. Lile ganda lililomficha kwa walinzi ndilo linalomfichua kwa daktari.

Dawa nazo ni dhiki, naye huzizoea. Akipigwa kwa flukonazoli peke yake, baadhi ya chembe hujiongezea nakala ya kromosomu ya kwanza, yenye jeni za kuhimili dawa hiyo, zikaendelea kuzaana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 uliliona hilo kwa wagonjwa wa Tanzania. Kwa wale waliopewa pia dawa ya pili, flusitosini, chembe sugu hazikupata nafasi ya kutamba. Ndiyo maana madaktari wanaozipata dawa hizo humshambulia kwa mbili au tatu pamoja tangu siku ya kwanza, kabla hajapata muda wa kujipanga.