Kitabu cha Kundi Kichaguliwe kwa Aliye Mbali na Duka

Wanaotaka kuanzisha kundi la kusoma vitabu kwa njia ya simu hunijia, kwa kuwa mimi ni mkutubi, na swali moja: tuanze na kitabu gani? Kabla ya kutaja jina lolote huwauliza kila mwanachama anaishi wapi, na kitabu kitamfikiaje. Wengi hushangaa, maana walitarajia niwape orodha ya riwaya bora za Afrika Mashariki. Lakini nimeona makundi yakinyamaza baada ya mwezi wa kwanza, na mara nyingi kitabu chenyewe kilikuwa kizuri sana. Nusu ya watu hawakuwa nacho.

Chukua kundi la hapa kwetu Kajiado. Mmoja anakaa Kitengela, mji ambao sensa ya 2019 iliukuta na wakazi zaidi ya 150,000, na kila asubuhi anapanda matatu kwenda kazini Nairobi. Huyo jioni anaweza kupitia Text Book Centre, Nuria au Soma Nami akanunua anachotaka. Wa pili yuko Isinya, kusini zaidi kwenye barabara ya Namanga. Anafanya kazi katika shamba la maua, na duka la vitabu analolijua linauza vitabu vya shule, madaftari na kalamu. Wa tatu yuko ndani kabisa, mbali na lami, na mtandao anaupata akipanda kilimani. Kwenye simu wote watatu wanaketi chumba kimoja. Kitabu cha karatasi kinapotakiwa, wa tatu anakuwa na safari ya siku nzima mbele yake. Kwa maoni yangu, kitabu cha kundi kichaguliwe kwa kumwangalia huyo wa tatu. Kikimfikia yeye, wengine wote watakuwa wamekwisha kukipata.

Pesa ndizo za kwanza kuhesabiwa. Tangu sheria ya VAT ya 2013, vitabu nchini Kenya hutozwa kodi ya asilimia 16, na riwaya iliyochapwa ng'ambo huja na gharama za kusafirishwa juu yake. Kisha kuna nauli ya kifurushi. Duka la Nairobi likishalipwa kwa M-Pesa linaweza kukabidhi vitabu kwa matatu ya Namanga, vikapokewa kwenye steji ya Isinya siku hiyo hiyo, na kutuma vitabu vinane pamoja ni nafuu kuliko kutuma kimoja kimoja mara nane. Kwa hiyo msimamizi wa kundi apige simu dukani kabla ya kura yoyote, aulize kuna nakala ngapi na bei gani. Kitabu ambacho duka limebaki na nakala mbili kisiingie kwenye kura, hata kama mwandishi wake ametuzwa dunia nzima.

Hapa ndipo ninapozitetea setibuku, ambazo watu wazima wengi huzikwepa wakidhani wamezimaliza shuleni. Kitabu kikitahiniwa katika KCSE huchapwa kwa wingi mno. Zamu yake ikipita, nakala hubaki majumbani na kwa wauzaji wa vitabu vilivyotumika kwa bei ya chini. Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora, Chozi la Heri ya Assumpta Matei, Kigogo ya Pauline Kea na Blossoms of the Savannah ya Henry ole Kulet ni vitabu ambavyo karibu kila ukoo una mtu aliyewahi kuvibeba mkobani. Mwanachama wa Isinya hahitaji kununua. Anahitaji kumuuliza binamu yake.

Ubaya wa setibuku ni kwamba mwalimu hubaki kichwani. Ukiuliza watu wanaonaje, wanakujibu kwa maudhui, sifa za wahusika na mbinu za lugha, kana kwamba kuna alama 20 zinazosubiri. Mazungumzo hayo hufa upesi kwa sababu majibu yake yanajulikana. Anayependekeza setibuku basi aje na swali ambalo mtahini hawezi kulitoa: ungekuwa jirani wa mhusika huyu ungefanya nini usiku ule? Ungemwoza binti yako kwake? Mtu aliyekisoma kitabu akiwa na miaka 17 akamwona baba wa hadithi kuwa mkatili, akikirudia akiwa na watoto wake mwenyewe huenda akamwona baba yule mwoga, au amechoka tu. Tofauti hiyo peke yake inatosha jioni nzima.

Kwa kundi la ukanda huu ningependekeza Ole Kulet kabla ya wengine wote. Mwandishi huyu wa Narok, aliyefariki Februari 2021, aliandika juu ya Wamaasai kwa karibu nusu karne, tangu Is It Possible? ya 1971. Mara mbili alipata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta: 2009 kwa Blossoms of the Savannah na 2013 kwa Vanishing Herds. Ningeanza na hicho cha pili. Mume na mke, Kedoki na Norpisia, wanaswaga mifugo wakitafuta malisho katika nchi ambayo misitu yake imefyekwa na mvua imewatupa. Msomaji wa Isinya hahitaji kuelezwa hayo. Aliona ng'ombe wakianguka wakati wa ukame uliofikia 2022 na 2023. Amekua akiona ardhi ya ranchi za pamoja, zilizoanzishwa kwa sheria ya 1968, ikigawanywa vipande, ikizungushiwa nyaya na kuuzwa, hadi njia za wanyama waliokuwa wakitoka Mbuga ya Nairobi kuja kwenye nyanda za Athi na Kaputiei zikazibwa. Na katika kundi hilo hilo yumo aliyenunua ploti ya robo ekari Kitengela kwa mkopo wa sako na kuijenga kwa miaka. Wote wawili wana haki ya kusema, na kitabu kinawapa mahali pa kusemea pasipo kushambuliana moja kwa moja.

Blossoms of the Savannah nacho ni kitabu kikubwa, lakini kinadai uangalifu. Kinazungumzia ukeketaji wa wasichana, jambo lililopigwa marufuku kwa sheria ya 2011, na katika kundi la Kajiado watakuwamo wanawake waliopitia kisu hicho na pengine wanaume waliolisimamia jambo hilo majumbani mwao. Msimamizi aseme wazi siku ya kupendekeza kitabu kinahusu nini. Ruhusa iwepo ya kukisoma mwezi ule kimya, au kutuma maneno kwa msimamizi faraghani ili ayasome bila jina. Simu ina faida hapa: nimesikia wanawake wakisema kwa ujumbe wa sauti mambo ambayo wasingeyatamka mbele ya wakwe zao. Ina hasara pia, kwamba humwoni aliyeinamisha kichwa.

Baadhi ya watu huniambia kusoma kwa kundi ni desturi ya kigeni, ya Oprah Winfrey na klabu yake ya 1996. Huwakumbusha Caitaani Mũtharaba-inĩ. Ngũgĩ wa Thiong'o aliiandika kwa Kikuyu kwenye karatasi za chooni gerezani Kamiti, alikozuiliwa bila kufunguliwa mashtaka kuanzia Desemba 1977 hadi Desemba 1978. Ilipotoka 1980, kama alivyosimulia baadaye katika Decolonising the Mind, familia zilikusanyika jioni na mwenye kujua kusoma akawasomea wengine sura baada ya sura. Wafanyakazi waliisoma pamoja saa ya chakula cha mchana. Baa nazo zilikuwa na wasomaji wao: glasi ya msomaji ikikauka mahali patamu, alisimama hapo hadi mtu amwagizie nyingine. Nakala moja ilitosha watu wengi, pamoja na wasiojua kusoma kabisa.

Kitabu hicho kina sifa nyingine inayokifaa kundi la watu wa kabila mbalimbali: kinasomeka kwa Kikuyu, kwa Kiingereza kama Devil on the Cross, na kwa Kiswahili kama Shetani Msalabani. Shule zetu zimefanya watu wengi wasome Kiingereza haraka kuliko Kiswahili, ingawa hucheka na kugombana kwa Kiswahili. Kitabu cha lugha mbili huondoa ubishi wa kisomwe kwa lugha ipi. Paradise ya Abdulrazak Gurnah, aliyepata Nobel mwaka 2021, inapatikana kwa Kiswahili kwa jina la Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis iliyotolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2022. Kila mtu achague lugha yake, kisha mazungumzo yafanyike kwa Kiswahili, na anayetaka kusema kwa Kimaa aseme, apate wa kumfasiria.

Sasa lile ambalo kila kundi hulifanya kimyakimya: mtu anaangusha PDF kwenye kundi na wote wanashukuru. Sielewi kwa nini watu wanaopenda vitabu huona hili kuwa dogo. Sheria ya Kenya humlinda mwandishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya mwaka wa kifo chake. Walibora alifariki Aprili 2020, kwa hiyo kazi zake zinalindwa hadi mwisho wa 2070, na kila nakala ya wizi inawapunguzia warithi wake. Kunukuu kifungu kwa ajili ya uhakiki na kutaja chanzo kunaruhusiwa. Kusambaza riwaya nzima hakuruhusiwi, na kuisoma yote kwa sauti na kurusha rekodi ni vivyo hivyo.

Lakini hesabu hiyo hiyo inafungua mlango mmoja mpana. Shaaban Robert alifariki Juni 1962, hivyo kwa sheria ya Kenya ulinzi wa Kusadikika, iliyochapishwa mara ya kwanza 1951, ulikwisha mwishoni mwa 2012. Maandishi yake yanaweza kunakiliwa na kusomwa kwa sauti bila kumwibia mtu, mradi usichukue utangulizi na maelezo ambayo mchapishaji wa siku hizi ameyaongeza. Ni kitabu kifupi. Karama anashtakiwa kwa kufundisha watu sheria, anasimama mbele ya mfalme, na kujitetea kwake kunageuka kuwa mashtaka dhidi ya wanaomhukumu. Kiswahili chake si chepesi kwa sisi wa bara, na hiyo ndiyo sababu ya kukisoma pamoja. Mwenye sauti nzuri arekodi sehemu ya dakika kumi kila jioni. Anayeendesha lori kwenda Namanga atasikiliza, na anayechunga atasikiliza.

Kuhusu kura, naomba tuache mtindo wa kila mtu kuchagua kitabu kimoja. Tuseme watu 20 wanapigia vitabu vitano, navyo vinapata kura 6, 5, 4, 3 na 2. Kilichoshinda kimechaguliwa na watu sita, na 14 walitaka kingine. Wiki ya tatu utawaona hao 14 wakianza kupungua. Njia iliyo bora ni kila mtu kutia alama kwenye vitabu vyote ambavyo yuko tayari kuvipata na kuvisoma, na kinachoshinda ni kile chenye watu wengi walio tayari. WhatsApp, tangu ilipoleta kura mwaka 2022, inamruhusu mtu kuchagua zaidi ya jibu moja, kwa hiyo chombo tunacho. Kasoro yake ni kwamba inaonyesha nani amechagua nini. Mwalimu mkuu au mchungaji akitangulia kutia alama, vijana humfuata kwa heshima. Katika kundi lenye wazee, kura zitumwe kwa msimamizi peke yake.

Na watu wasiogope kitabu cha kugombanisha. Mwaka 1998 maktaba ya Seattle, Marekani, ilipowaalika wakazi wote wasome kitabu kimoja, Nancy Pearl na wenzake walichagua The Sweet Hereafter ya Russell Banks: basi la shule linapata ajali, watoto wanakufa, na mji unagawanyika kuhusu nani alaumiwe na kama kwenda mahakamani kunaponya chochote. Jambo la kuliwaza halikuwamo, ila la kubishaniwa lilikuwa tele. Siku Njema ya Walibora, ambamo Kongowea Mswahili anamtafuta baba yake kutoka Tanga hadi Kitale, naipenda kwa moyo wote, lakini kila ninapoona kundi likiisoma, wote huipenda kwa sababu zile zile na mazungumzo huisha mapema. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka 1971 na kuzuiwa shuleni Tanzania kwa muda, huwaweka watu macho hadi bando inakwisha.

Urefu uamuliwe kwa uwezo wa mtu anayetoka kazini amechoka. Kurasa kumi kwa siku, siku tano kwa wiki, wiki tano: hizo ni kurasa 250. The Dragonfly Sea ya Yvonne Adhiambo Owuor, riwaya ya kisiwa cha Pate yenye kurasa takriban 500, ningeiweka mwaka wa pili, igawanywe miezi miwili. Pearl huyo huyo ana kanuni ninayoikubali: msomaji asiyefikisha miaka 50 akipe kitabu kurasa 50 kabla ya kukiacha, na aliyepita umri huo atoe miaka yake kutoka 100, kinachobaki ndicho kiasi chake cha kurasa. Bibi wa miaka 70 anadaiwa 30 tu. Akiacha, abaki kundini na aeleze ni wapi hasa kilimshinda.

Mwenye kupendekeza awe amekisoma kitabu hadi mwisho, na anapogawa kazi ya wiki ataje sura badala ya ukurasa. Nakala ya binamu, ya dukani na ya simu haziafikiani kurasa.