Mwani na Jua la Adhuhuri



Wengi wetu tuna mama, dada au shangazi anayelima mwani Paje, Jambiani au Pemba. Kilimo hiki kilianza Unguja kama biashara mwaka 1989, kwa mbegu iliyotoka Ufilipino, na hadi leo wakulima wake wengi ni wanawake. Kila tukiuliza hali, malalamiko ni yale yale: mwani umegeuka mweupe, umekatika, umechukuliwa na maji. Tumeona tueleze sehemu ya jua katika balaa hili.

Mwani hujitengenezea chakula kwa mwanga, maji na hewa ya kaboni. Tulipokuwa tukifundisha tuliandika ubaoni kwamba mwanga ukizidi na chakula huzidi. Tulisema nusu ya kweli. Kuna kiwango ambacho kikipita, mwani hauwezi kutumia mwanga zaidi, na ule wa ziada huharibu chombo kile kile cha kuunasa. Ndani ya chembe zake mna protini iitwayo D1, ambayo kila siku huharibika na kuundwa upya. Jua likiwa utosini, uharibifu huishinda kasi ya matengenezo na kazi hupungua. Jioni mwani hupata nafuu.

Miale ya urujuanimno, isiyoonekana kwa macho, huzidisha jeraha hilo. Tabaka la ozoni huzuia sehemu kubwa ya ile iliyo mikali, lakini karibu na ikweta tabaka hilo ni jembamba kuliko huku Ulaya, na maji maangavu huipitisha miale hiyo mita kadhaa. Mwani mwekundu una kinga yake: huunda kemikali za kuifyonza, mfano wa mtu kujitanda ushungi juani. Kinga hiyo huchukua siku kadhaa kujengeka. Bamvua likikausha shamba mchana, mwani uliozoea maji hukutwa haujajitanda.

Maji yakipata joto, mambo huwa mazito zaidi, maana mwani uliodhoofika hushambuliwa na bakteria. Kotonii, yenye bei nzuri, ndiyo dhaifu. Spinosamu huvumilia, ila bei yake ni ndogo. Baadhi ya wakulima wamehamia kwenye kina, ambako mwani haukauki. Huko panahitajika mashua na kujua kuogelea, na wengi wa mama zetu, ingawa wamezaliwa ufukweni, hawakufundishwa kuogelea.