Je, Wajua? Lucas Radebe alikwenda Leeds kama nyongeza

Mwaka 1994 Leeds United ya Uingereza ilipobisha hodi Afrika Kusini, ilimtaka zaidi mshambuliaji Phil Masinga wa Mamelodi Sundowns. Lucas Radebe, beki wa Kaizer Chiefs aliyenusurika risasi Soweto mwaka 1991, alichukuliwa kwa pauni 250,000 hivi, kama nyongeza tu. Nyongeza hiyo ikawa nahodha mwaka 1998, mashabiki wakambandika jina la Chifu, naye akabaki Leeds hadi 2005.

Kisa kitamu zaidi ni cha Aprili 1996, Leeds ilipocheza Old Trafford, nyumbani kwa Manchester United. Kipa Mark Beeney alilimwa kadi nyekundu mapema, na benchi la Leeds halikuwa na kipa wa akiba. Radebe, aliyewahi kudaka enzi za ujana wake, akavaa glavu. Manchester United, waliokuwa wakiwania ubingwa, wakatoka jasho kweli kweli mpaka kipindi cha pili, Roy Keane alipofunga bao pekee.

Na ile bendi ya roki ya Kaiser Chiefs, ya vijana wa Leeds? Ilijiita kwa jina la klabu ya zamani ya Radebe, z ikageuzwa s.