Mistari Myeupe Nyuma ya Ndege

Ndege ya jeti irukapo kiasi cha kilomita 10 juu, mara nyingi huacha mstari mweupe. Huo si moshi, bali ni wingu. Mafuta yaunguapo hutoa mvuke wa maji. Mvuke huo ukutanapo na baridi ya takriban nyuzi 40 za sentigredi chini ya sifuri, huganda kuwa chembe za barafu. Hewa ikiwa kavu, mstari hutoweka upesi. Ikiwa na unyevu mwingi, hudumu na kutanda. Mistari idumuyo huzuia sehemu ya joto la dunia lisitoke. Basi mwanafunzi aandike saa aliyouona mstari na muda uliodumu. Pasipo chombo chochote, atakuwa amekadiria unyevu wa anga asiyoifikia.