Mfuniko wa Betri za Rimoti ya LUKU Unapokwama

Ni saa mbili usiku. Uniti zimekwisha, na tokeni ya tarakimu 20 tayari imo kwenye simu. Mtumiaji anaichukua rimoti ya LUKU, anabonyeza kitufe, lakini kioo hakionyeshi kitu: betri zimekufa. Anakigeuza kifaa ili azibadilishe, na mfuniko hausogei. Hapo ndipo kisu cha jikoni kinapotafutwa, na hapo ndipo hasara huanzia. Mfuniko huvunjika, springi hukatika, na tatizo lililohitaji betri mbili hugeuka kuwa la kukosa kifaa chenyewe.

Makala haya yanaeleza namna ya kuufungua mfuniko huo bila kuuharibu, na wakati gani mtumiaji aache na kuomba msaada.

Uniti hazikai kwenye rimoti

Rimoti ni kifaa cha kuingizia tokeni na kusomea taarifa tu. Uniti hutunzwa ndani ya mita, ambayo kwa wateja wengi imefungwa nje ya nyumba au juu ya nguzo. Kwa hiyo rimoti iliyozimika haipunguzi uniti zilizomo kwenye mita, na umeme utaendelea kutumika hadi uniti hizo ziishe. Tokeni ambayo haijaingizwa nayo haipotei kwa sababu betri zimekufa. Hifadhi ujumbe wake.

Baadhi ya rimoti huchomekwa kwenye soketi. Uniti zikiisha na mita ikakata umeme, rimoti za aina hiyo hutegemea betri ili zipate nguvu ya kupokea tokeni. Ndiyo maana ubovu wa betri hugundulika katika saa mbaya kuliko zote. Mazoea ya kukagua betri wakati uniti zingalipo humwepusha mtumiaji na haraka, na haraka ndiyo inayovunja mifuniko mingi.

Kwa nini mfuniko hukwama

Sababu ya kwanza ni vumbi. Katika nyanda za kati, kuanzia Mpwapwa na Kongwa hadi Dodoma, Bahi na Manyoni, kiangazi ni kirefu na upepo hubeba vumbi laini sana. Vumbi hilo huingia kwenye mfereji wa mfuniko, na likichanganyika na jasho la mikono au mafuta ya jikoni hushika kama gundi.

Sababu ya pili ni betri kuvuja. Katika betri za kawaida za bei nafuu, kopo la zinki ndilo ncha hasi yenyewe. Kadiri betri inavyotumika, kopo huliwa hadi likatoboka. Betri za alkali nazo, zikiachwa muda mrefu baada ya kuisha, hujaa gesi inayosukuma nje kemikali kali. Kemikali hiyo ikikutana na hewa huwa unga mweupe unaogandisha mfuniko na kula springi. Joto la chini ya paa la bati huharakisha mambo haya.

Sababu ya tatu ni betri kuvimba na kuusukuma mfuniko kwa ndani.

Hatua za kufuata

1. Kama rimoti imechomekwa kwenye soketi, ichomoe kwanza. Kaa mahali penye mwanga wa kutosha, mbali na watoto.

2. Kagua mgongo wa kifaa. Tafuta mshale unaoonyesha upande wa kusukumia, ulimi wa kubonyeza, au skrubu ndogo. Mifuniko mingi inayodhaniwa kukwama imefungwa kwa skrubu iliyojaa vumbi.

3. Safisha mfereji kwa mswaki wa zamani ulio mkavu. Kisha elekeza mfuniko chini na ugonge kifaa taratibu kwenye kiganja ili vumbi lidondoke.

4. Weka kipande cha mpira, kwa mfano cha tyubu ya baiskeli, kati ya kidole gumba na mfuniko. Bonyeza ulimi kwanza, kisha sukuma kuelekea upande wa mshale. Kusukuma bila kubonyeza ndiko kunakokata ulimi.

5. Ikishindikana, pitisha ukingo wa kadi ya plastiki isiyotumika kwenye mfereji, pande zote, bila kukaba. Usitumie kisu wala bisibisi kama nyenzo.

6. Kama kichwa cha skrubu kimelika, weka kipande chembamba cha mpira kati yake na bisibisi, kandamiza kwa nguvu, kisha zungusha polepole kinyume cha mwendo wa saa.

7. Ukiona unga mweupe, vaa glavu. Kama betri zilikuwa za alkali, lowesha pamba kwa siki au maji ya ndimu, ikamue, na uipitishe kwenye mfereji. Ngoja dakika kumi, futa, kisha jaribu tena. Usimwagie kifaa maji.

Usitumie petroli wala mafuta ya taa, kwa maana yanaweza kulainisha plastiki na yanashika moto. Usikipashe kifaa joto kwa moto au pasi.

Baada ya mfuniko kufunguka

Toa betri zote. Safisha ncha na springi hadi zing'ae, kisha acha kifaa kikauke kabisa. Kemikali ikigusa ngozi, osha kwa maji mengi. Ikiingia jichoni, osha kwa maji safi yanayotiririka kwa muda usiopungua dakika 15, kisha nenda hospitali bila kuchelewa.

Weka betri mpya za aina moja, zilizonunuliwa pamoja, ukizingatia alama za + na −. Usichanganye mpya na ya zamani, kwa sababu iliyochoka ndiyo huvuja kwanza. Baadhi ya rimoti huomba namba ya mita upya baada ya betri kubadilishwa. Andika tarakimu zake 11 mahali utakapoziona kwa urahisi.

Vifuniko vya duara na betri za kitufe

Si rimoti ya LUKU peke yake yenye mfuniko msumbufu. Ufunguo wa gari, mizani ya jikoni na vipimo vinavyofungwa kwenye baiskeli hutumia betri bapa za duara, zenye mfuniko unaozungushwa kwa sarafu. Hapa pia kanuni ni ile ile: safisha, kandamiza, zungusha taratibu, na tumia sarafu inayojaza mfereji wote ili usiulike.

Lakini kuna hatari kubwa zaidi. Mtoto akimeza betri ya namna hii inaweza kukwama kooni na kuunguza nyama ndani ya saa mbili, hata kama imekwisha nguvu. Ukishuku jambo hilo, mpeleke hospitali papo hapo. Usimlazimishe kutapika wala usimpe chakula. Kwa sababu hiyo, mfuniko uliovunjika usifungwe kwa selotepu na kifaa kurudishwa mezani. Toa betri, weka kifaa mbali hadi kitengenezwe.

Wapi pa kuishia

Kama hatua hizi zote hazikufaulu, acha. Kisichoruhusiwa ni kuhamia kwenye mita yenyewe. Mita ina lakiri, na kuichezea ni kosa chini ya Sheria ya Umeme, Sura ya 131. Fundi wa mtaani anayeahidi kuingiza tokeni kwa kufungua mita anamwingiza mteja kwenye kosa hilo na kwenye hatari ya kupigwa na umeme. Usinunue pia rimoti ya mkononi usiyojua itokako, kwani lazima iwe ya aina inayowasiliana na mita yako.

Toa taarifa katika ofisi ya TANESCO iliyo karibu, ukiwa na namba ya mita na rimoti yenyewe. Omba namba ya taarifa na uitunze. Ukiambiwa kuna malipo, uliza ni ya nini, na udai stakabadhi. Usiporidhika na majibu ya mtoa huduma, unayo haki ya kuwasilisha malalamiko yako EWURA, ambayo makao yake makuu yapo Dodoma. Namba ya taarifa na stakabadhi ndizo zitakazolipa lalamiko lako uzito.