Kipaza Sauti au Spika?

Neno kipaza sauti hutumika kwa vyombo viwili: kile kipokeacho sauti ya msemaji, na kile kiitoacho sauti kwa wasikilizaji. Mkazi wa Kibondo aagizapo kipaza sauti kwa fundi redio wa Kasulu, aweza kuletewa asichokihitaji, na nauli ikapotea bure. Kwa hiyo twapendekeza kipokeacho kiitwe maikrofoni, na kiitoacho kiitwe spika. Hofu ya kukichanganya chombo hiki na Spika wa Bunge haina msingi, kwani upatanisho wa kisarufi huyatenga maneno hayo: spika imenyamaza, lakini Spika amenyamaza.

Agizo litaje pia omu na wati. Spika ya omu 4 ikiwekwa mahali pa ile ya omu 8, mkondo wa umeme huongezeka, na kikuza sauti chaweza kuungua. Tena, kutengeneza si kubadili: karatasi ya spika iliyochanika huzibwa kwa gundi, bali koili ikiungua hutakiwa koili nyingine au spika mpya. Mfasiri wa maelekezo asipoyatofautisha maneno haya, atakayelipia kosa ni mnunuzi mwenye fedha chache.